Redio ya Lori la Jailos

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Anyatiaye hula, na akurupukaye huramba vumbi. Jailos, dereva wa lori la ushirika Mbeya, alikuwa ameikariri methali hiyo tangu shuleni, lakini hakuiamini mpaka mwaka 1974.

Mwaka huo kwaya ya binti yake Damari ilirekodiwa, na ingesikika redioni Jumapili saa nne asubuhi. Saa hiyo Jailos angekuwa Iringa na shehena ya mahindi, na redio ya lori lake ilikuwa ikikoroma kama mzee mwenye mafua! Akanunua redio mpya na spika mbili. Dereva mwenzake Yotamu, ambaye lori lake lilikuwa pacha wa lile, naye akanunua.

Jumamosi asubuhi Jailos alipeleka yake kwa Tusekile, fundi redio wa Mbalizi. Yotamu aliunga nyaya mwenyewe, palepale kando ya barabara.

"Waya wa hasi wa betri huungwa kwenye bodi ya lori, kila dereva anajua!" alitamba, akaondoka akipiga honi.

Tusekile alianza kwa kufungua waya wa betri. Akachukua mita ya umeme, akapima, akapima tena. Jailos alikuwa juu ya makaa.

"Dada Tusekile, unga tu! Mwenzangu sasa yuko Uyole."

"Baba Damari, unataka kuwahi au unataka kumsikia mtoto?"

Tusekile akamwonyesha kwa kidole waya wa betri.

"Njoo uone. Malori mapya bodi ni hasi. Haya ya zamani ya Mwingereza ni kinyume, bodi ni chanya. Ukiunga kwa mazoea, unaunguza redio."

Nyuma ya redio palikuwa na plagi ndogo ya kubadilishana hasi na chanya. Tusekile akaigeuza, akafunga spika, ndipo akarudisha waya wa betri. Sauti ikatoka safi, bila mkwaruzo.

"Ndaga fijo, fundi," Jailos alimshukuru kwa Kinyakyusa, kwa haya.

Jumapili, Iringa, madereva walilizunguka lori lake. Yotamu, ambaye lori lake lilifika mapema, alisogea wa mwisho, uso umemshuka.

"Niliiwasha pale Chimala, ikafuka moshi."

Kwaya ikaanza. Sauti moja nyembamba ikapanda juu ya zote.

"Huyo anayeanzisha ni mwanangu!" Jailos alisema, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Na fundi ni nani?" Yotamu aliuliza.

"Tusekile wa Mbalizi," akajibu kwa fahari ileile.

Yotamu alitangulia kufika Iringa, akaja kusikiliza mlangoni pa lori la mwenzake. Hakika, simba mwenda pole ndiye mla nyama.