Masharti ya Mganga wa Pangoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na ligi yao na jezi zao, Pimbi alikuwa mwalimu wa timu ya wanyama wakubwa. Naam, Pimbi huyu huyu, mdogo kama paka! Msicheke. Mwenyewe alikuwa hacheki.

Timu ilikuwa imefungwa kila mechi tangu msimu uanze. Ilibaki moja, dhidi ya Ngiri. Wakifungwa na hiyo, wanashuka daraja, na Pimbi anatolewa, yeye na familia yake, kwenye nyumba ya mwalimu, ile iliyo nyuma ya goli.

Na mazoezi yenyewe, jamani! Tembo, nahodha, alikuja amechelewa, masikio pwa! pwa! Wakazunguka uwanja, puu, puu, puu, mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha wakapanga foleni ndefu, kila mmoja apige mpira golini. Nyati akapiga, mpira ukapotelea vichakani, wote wakakaa chini kumsubiri aufuate. Jua likawazamia hapo.

"Jamani, tugawanyike makundi madogo, kila kundi kwenye kimraba chake," Pimbi akasihi. "Gusa, toa! Gusa, toa! Kila mtu aupate mpira. Muda mfupi tu, tumemaliza."

"Mchezo wa watoto huo!" Nyati akafoka. "Mimi na pembe zangu nicheze kwenye kimraba?"

"Mwalimu," Tembo akasema taratibu, "tatizo si mazoezi. Wenzetu wana kamati ya ufundi. Sisi hatuna mganga."

Pimbi akarudi nyumbani, akaketi kizingitini, akalia. Alilia kwelikweli, kamasi zikamtoka.

"Baba Kijiwe," mkewe akamuuliza, "nianze kufunga vyombo?"

"Hawanisikii, mke wangu. Nimesema mpaka sauti imekauka. Ningekuwa mganga, wangenisikia."

Akafuta kamasi. Akautazama mtungi wa maji uliokuwa kona ya nyumba.

Asubuhi mkewe akapeleka habari kisimani: mganga mkali amehamia pango la mlimani, haonekani kwa macho! Wakubwa hao, mbio. Wakavua viatu mlangoni.

"Hodi, babu!"

"Karibuniii!" Sauti nzito ikanguruma, maana Pimbi alikuwa ametumbukiza kichwa mtungini. "Nyota yenu imefunikwa!"

"Taire!" wakaitikia, magoti chini.

"Dawa ninayo, ila ina masharti. Choreni vimraba vya majivu uwanjani. Kila kimraba, wanne wazungushe mpira, wawili waukimbize. Atakayeugusa mara tatu mfululizo, mguu unavimba!"

"Mama yangu!"

"Atakayesimama mpira ukitembea, mkia unakatika!"

Kiboko, golikipa, akakishika kimkia chake.

"Atakayechelewa, dawa inamgeukia. Mkianza kuchoka, acheni, nendeni nyumbani. Na mwalimu wenu awepo, aangalie."

Weee! Kesho yake Pimbi aliwakuta wote uwanjani. Pa, pa, pa! Gusa, toa! Nyati alitoa pasi. Nyati yule! Pimbi akasimama pembeni na filimbi yake, anachekelea.

Siku ya mechi Ngiri walifungwa mpaka wakaukimbia uwanja mikia juu. Pimbi akawahi nyumbani. Mkewe akateleka chai, wakapanga vikombe vyote, wakangoja wageni.

Wageni wakaja wakiimba. Wakapita mlangoni, hata salamu hawakutoa. Wakaelekea mlimani.

Pimbi akakata njia ya nyuma, akaingia pangoni, akauvaa mtungi. Alitaka japo asikie neno asante.

"Babu, asante!" Tembo akasema, machozi yakimtoka. "Sasa liko jambo moja. Tuna mwalimu, anaitwa Pimbi. Tulipomsikiliza yeye, tulifungwa. Tulipokusikiliza wewe, tumeshinda. Tumeona hana kazi. Kiboko amebaki kule chini, anawatolea vyombo nje."

Pimbi akauvua mtungi, akatoka mbio.

"Ni mimi! Mganga ni mimi! Gusa, toa! Maneno yale yale niliyowaambia!"

Wakamtazama. Wakautazama mtungi mikononi mwake.

"Lahaula!" Nyati akapiga kelele. "Ameingia kuiba dawa ya babu! Mwizi!"

Wakamkimbiza, tifu, tifu, tifu, mpaka juu ya majabali. Mkewe akamfuata huko, sufuria kichwani, watoto wakilia nyuma yake.

Msimu mwingine ulipoanza, wakubwa walirudi pangoni kuchukua masharti mapya. "Hodi, babu!" Kimya. Wakapiga magoti, wakangoja. Uwanjani majani yakaota mpaka golini.

Na Pimbi yuko majabalini mpaka leo. Mkipita, mtamsikia anavyopiga kelele kwa uchungu, anawaita mazoezini, na hakuna anayegeuka.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukiivika akili yako nguo ya uchawi, watu wataishukuru nguo.