Mkubwa Asiyetaka Kutajwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo redio ya kijiji ilikuwa ni koo la Hondohondo, palikuwa na kijiji kando ya mto kikiitwa Mikinduni. Hondohondo mnamjua? Yule ndege mwenye mdomo mkubwa na pembe juu ya mdomo. Basi huyo ndiye aliyekuwa mpiga mbiu. Harusi ikiwapo, Hondohondo. Mtoto akipotea, Hondohondo. Wanyama wakiisikia sauti yake, kwaa-kwaa-kwaa, waliepua vyungu wakatoka nje, maana mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siku hizi matangazo ni mengi kuliko masikio. Lakini hayo ni manung'uniko yangu ya uzee, tuendelee.

Kijijini hapo palikuwa na nyumba ya Bi Kobe. Mtoto yeyote aliyefiwa na wazazi alipelekwa kwake, awe mdogo awe mkubwa wa mwili. Wote walilala kwenye mkeka mmoja na kunywa uji kwa zamu kwenye vifuu vya nazi. Bi Kobe hakuwa na amri nyingi. Alikuwa na moja tu: usiingie bila kufuta miguu. Kizingitini palikaa kumbi la nazi la kufutia, limelika katikati kwa miaka.

Sange alilelewa humo. Sange ni mnyama mdogo, amempita panya kidogo tu, na ana pua ndefu inayochezacheza muda wote kama inanusa umbea. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye kibanda chake, lakini kila asubuhi alipita kwa Bi Kobe kuchochea moto wa uji. Kuni zilikuwa kisingizio. Alipenda harufu ya nyumba ile, moshi na udongo mbichi, na alipenda kukaa karibu na nguzo ya kati.

Katika nguzo hiyo Bi Kobe alikuwa akipiga mkwaruzo kwa ukucha wake siku mtoto anapofika, kupima kimo. Mkwaruzo wa Sange ulikuwa chini kabisa, karibu uguse sakafu. Juu yake palikuwa na wa Nyati, na wa Kiboko, na wa Tembo. Ndiyo, Tembo huyuhuyu. Aliletwa mbavu zote nje, na Bi Kobe alipenda kusimulia kwamba hakupata usingizi mpaka ashike mkia wa mtu.

Basi mwaka mmoja upepo uliezua nusu ya paa la nyumba ile. Nguzo za pembeni zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa, na ukuta mmoja ulikuwa umelala chini. Watoto saba wakawa wanabanana upande uliobaki. Masika yalikuwa yanakuja.

"Mvua ikinikuta hivi," Bi Kobe alimwambia Sange, "nitawagawa watoto. Huyu nyumba hii, yule nyumba ile. Mimi nitahamia kwa mdogo wangu, ng'ambo ya mto."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Niwafunike kwa gamba langu?"

Sange alikoroga uji huku macho yamemjaa maji. Nyumba ile ikifa, watoto wale wangekua hawajuani, naye hangekuwa na mlango wa kurudi ambao nyuma yake yupo mtu anayemkumbuka alivyokuwa mdogo.

Akamtuma Hondohondo kupiga mbiu. Siku tatu Hondohondo alizunguka akilia, "Kwaa-kwaa! Yatima wa Bi Kobe wanalala nje! Wasaidieni!" Wanyama wakasikitika sana. Huruma walikuwa nayo tele, nguzo hawakuwa nazo. Wadogo walileta walichoweza: Panya wakaleta fito, Kindi wakasokota kamba. Lakini nguzo, udongo wa kukandika na nyasi za kuezekea vilitaka wenye nguvu.

Wenye nguvu hawakukosa kwenye mkutano wa mchango. Walifika mapema, wakala ubwabwa wakaukomba, kisha wakasimama mmoja mmoja. Tembo akaahidi. Kiboko akaahidi kuliko Tembo. Nyati akaahidi kuliko wote wawili, akapigiwa makofi. Ahadi ni deni, wanasema wazee, lakini watatu hao walirudi makwao wakalala fofofo.

Zilipobaki siku kumi kabla ya masika, Sange akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni habari za nguzo, mgongo unaniuma."

"Mzee, mkwaruzo wako bado upo kwenye ile nguzo ya kati."

Tembo akatikisa masikio, pwata, pwata. "Mambo ya zamani hayo, Sange. Mtu haishi kwa kutazama nyuma."

Sange akarudi pole pole. Njiani akamkuta Mama Kanga akimshukuru jirani yake kwa chumvi. Jirani akajibu, kama tujibuvyo sote, "Mshukuru Mungu." Akaingia ndani.

Sange akasimama. Pua ikazidi kucheza. Hapo Mikinduni ilikuwa ni aibu kubwa mtu kuisemea sadaka yake mwenyewe. Ukishukuriwa hukubali wala hukatai. Unasema mshukuru Mungu, basi.

Akakimbia, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa Hondohondo.

"Kesho usiwaombe kitu," akamwambia. "Kesho washukuru."

"Nimshukuru nani? Hakuna aliyetoa."

"Mshukuru mkubwa mmoja asiyetaka kutajwa."

Hondohondo akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Sange, nitangaze shukrani ya kitu ambacho hakijaja?"

"Umetangaza shida siku tatu, kilikuja nini?"

Hondohondo akaenda kulinoa koo lake.

Asubuhi mbiu ikalia. "Kwaa-kwaa-kwaa! Enyi wa Mikinduni! Yupo mkubwa mmoja kati yetu, nyumba ya Bi Kobe ameibeba yeye! Hataki atajwe! Ukimwona, mpe shukrani!"

Loo, kijiji kizima kikaacha kazi. Ni nani huyo? Huruma yao haikuwa imewatoa mlangoni, lakini fumbo liliwatoa. Mama Kanga akafikiri, akajifunga upande wake wa khanga, akaenda moja kwa moja kwa Tembo.

"Mzee, tumesikia. Mungu akuzidishie."

Tembo alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna. Nyuma ya Mama Kanga wamesimama vifaranga kumi na moja, wote wamemkodolea macho. Kwa miaka mingi hakuna aliyemtazama hivyo. Akakohoa.

"Aa, mshukuru Mungu," akasema.

"Si mmesikia?" Mama Kanga akawaambia wanawe. "Ndiye."

Huko mtoni Kindi wakamzukia Kiboko. Naye akazama kidogo kwa haya, akaibuka, akasema, "Mshukuruni Mungu, wanangu." Wakaondoka wakiapa kwamba ni yeye.

Nyati peke yake alikuwa mkweli. Walipomfuata malishoni alikataa katakata. "Si mimi. Sikutoa hata unyasi."

Panya wakatazamana. "Mnamsikia? Wenye sadaka ya kweli ndivyo wasemavyo." Wakamwimbia. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kuimba, mpaka Nyati akachoka, akainamisha pembe, akanyamaza. Alipolala mchana ule alijikuta anatabasamu.

Sange akawapa siku mbili za kuzoea utamu. Kisha akaenda kwa Tembo, amejikunja kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na jambo la aibu. Kijiji kinasema ni wewe. Na mimi ninayeshinda pale kwa Bi Kobe sijaona hata nguzo moja. Niwaambie wamekosea?"

"Uwaambie?" Tembo akatazama huku na huku. "Nani kakwambia uwaambie? Nguzo, hizo nguzo nilikuwa, yaani, nazichagua. Mti usioliwa na mchwa hautaki haraka."

"Unaumwa mgongo, mzee."

"Mgongo umepona. Nitaleta mwenyewe. Kesho, jua la utosi, watu wamelala. Na usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu, mzee."

Akatoka hapo, ti-ti-ti, mpaka mtoni. Maneno yakawa yale yale, ila kwa Kiboko aliulizia udongo. Kiboko akasema udongo upo, tena wa kunata, atauleta kesho jua la utosi. Na kwa Nyati hakuuliza kitu. Alisema tu, "Bwana Nyati, watoto wameniuliza kama kweli nyasi zitatoka kwako. Nimeshindwa kuwajibu."

Nyati akatazama malisho yake. Nyasi zile ndizo chakula chake cha mwezi. Akapumua, fuuu, mpaka vumbi likaruka.

"Wanapenda kulala upande gani, hao watoto?"

"Upande wowote usiovuja, bwana."

"Kesho," Nyati akasema. "Jua la utosi. Watu wamelala."

Kesho yake jua likapanda. Mikinduni ikanyamaza, kila mtu kivulini. Sange alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo ya kati, mkono umeshika mkwaruzo wake. Wakigeuka wakaondoka, hapatakuwa na mbiu ya pili. Mbinu hii haifai mara mbili.

Kukasikika ndi, ndi, ndi. Tembo akatokea upande wa msituni, amekumbatia magogo kwa mkonga, ananyata. Mwaona tembo anavyonyata? Upande wa mtoni kukasikika chwa, chwa. Kiboko, udongo mgongoni, anatiririka maji. Na upande wa malishoni likaja lundo la nyasi linalotembea lenyewe, chini yake kwato nne.

Wote watatu wakapinda kona ya nyumba kwa wakati mmoja.

Wakasimama.

Lundo la nyasi likainuka, macho ya Nyati yakachungulia. Kiboko akatazama magogo. Tembo akatazama udongo. Si wajinga wale. Wakaelewa.

"Sange," Tembo akaita kwa sauti ya chini. "Toka."

Sange akatoka. Alikuwa mdogo sana mbele ya miguu ile kumi na miwili.

"Yule mkubwa asiyetaka kutajwa ni nani?"

"Siku mbiu ilipolia, mzee, hakuwapo," Sange akasema. "Leo nawaona watatu."

"Umetucheza shere."

"Nimewacheza. Nilikuja na ukweli mkaniambia ni mambo ya zamani. Sasa mkitaka nikanyageni, lakini mvua ni wiki hii, na watoto ni saba."

Tembo akainua mguu. Kiboko akafungua kinywa. Na hapo hapo ndani kukasikika kikohozi, na sauti kavu ya mzee aliyeamshwa usingizini.

"Nani hao wenye vishindo? Futeni miguu."

Wanangu, sijui niwaeleze vipi. Tembo, bwana wa msitu mzima, alishusha ule mguu aliouinua, akauweka juu ya kumbi la nazi, akaufuta. Akafuta wa pili. Kiboko akapanga foleni nyuma yake bila kuambiwa, na nyuma ya Kiboko, Nyati, akikung'uta kwato.

Bi Kobe akajikokota mpaka mlangoni. Macho yake yalikuwa yamepungua sana. Akanyoosha shingo, akaupapasa mguu wa Tembo.

"Huu ni ukuta gani?"

"Ni mimi, bibi."

Bi Kobe akaupapasa tena. "Mshika mikia," akasema. "Umekuja. Umekula?"

Tembo akainama. Aliingiza kichwa chini ya nusu ya paa, akaiona nguzo ya kati, akauona mkwaruzo wake, chini ya goti lake. Akaugusa kwa ncha ya mkonga. Machozi yakamtoka, nasi tusimcheke, maana aliyelelewa vizuri hulia akirudi.

Watoto saba walikuwa wameamka. Mmoja, katoto ka Paa ambako kalifiwa mwezi ule, kakasogea kimya kimya, kakakamata mkia wa Tembo.

"Haya," Tembo akasema, akisafisha koo. "Nyati, unasubiri nini na hizo nyasi? Kiboko, maji yanatosha au tukaongeze?"

Walijenga mpaka jua likapoa. Siku ya pili kijiji kizima kilikuwa pale, wengine na kamba, wengine na midomo. Mchana wa siku ya sita wakaifunga nyasi ya mwisho. Nguzo ya kati hawakuigusa.

Hondohondo akatua juu ya paa jipya, akatanua kifua. "Leo nitangaze jina la nani?"

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Nyati.

"Usimtaje mtu," Nyati akasema, na safari hii wenzake wakaitikia.

Asubuhi iliyofuata masika yakaanguka. Sange alikuwa jikoni kwa Bi Kobe akikoroga uji, watoto wamekaa duara na vifuu vyao, mvua inapiga juu, shaa. Akainua pua, akangoja tone. Akangoja sana. Halikuja.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukimshukuru mtu kwa wema ambao bado hajautenda, mwenye haya atautenda.

Nami naiacha hadithi hapo mlangoni kwa Bi Kobe. Anayetaka kuingia aingie, ila afute miguu.