Pimbi Alipokataa Kumaliza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kapu.

Kapu la nani?

La Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga saba.

Lina nini ndani?

Mbegu ya mtama.

Liko wapi?

Limeibwa! Basi kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi.

Zamani hizo wanyama waliishi kijiji kimoja, na jumbe wao alikuwa Kiboko. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na njaa yake ililishinda tumbo. Nani aliiba kapu? Kiboko. Nawaambieni mapema, maana mimi sipendi mambo ya kuwafichaficha watu. Lakini Kanga hakujua. Alichojua ni kwamba mawingu yamekwisha kutanda, na mvua ikinyesha hana mbegu ya kupanda, vifaranga wake watakufa njaa mwaka ule.

Akaenda barazani. "Mzee Kiboko, nimeibiwa."

Kiboko, amekalia kigoda chake, akapiga mwayo, ahaaa! "Pole, Bi Kanga. Tutachunguza."

Akaenda kesho yake. "Tutachunguza." Akaenda keshokutwa. "Tutachunguza." Akawaendea majirani. Nyani akasema "Pole," akaendelea kumenya ndizi. Punda akasema "Pole," akaendelea kutafuna.

Mmoja tu alimshuku jumbe, naye ni Pimbi, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia. Lakini jumbe utamshitaki kwa nani? Kwa jumbe? Pimbi akatandika mkeka wake pale pale barazani, akatangaza hadithi ya siku saba: hadithi ya Mwizi wa Kapu.

Kila alasiri baraza ilifurika. Siku ya kwanza mwizi aliingia ghalani kinyumenyume, nyayo zikaonekana kama za mtu anayetoka. Wanyama wakapiga vigelegele. Siku ya tatu askari Kicheche alimkimbiza mwizi hadi mtoni, mwizi akazama, bubububu, akaibukia nyuma ya askari na kumuuliza, "Unamtafuta nani, ndugu yangu?" Nyani alicheka mpaka akaanguka. Na Kiboko je? Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kila mwizi aliposifiwa, Kiboko alijinyoosha kigodani akasema, "Mwizi huyo ana akili, bwana!"

Kanga alichemka. Siku ya tano akamfuata Pimbi nyumbani kwake. "Huoni aibu? Msiba wangu umeufanya ngoma! Mvua ile inakuja, na wewe kazi yako kumpamba mwizi!"

"Vumilia, dada yangu. Siku mbili tu."

"Vifaranga wangu watakula siku mbili?"

Kanga akarudi kwake na hasira zake, akimwita mnafiki njia nzima.

Siku ya saba hata Konokono aliwahi. Pimbi akasimulia: mwizi anakwenda kulitazama kapu alikolificha. Nyuma yake nyayo, ti! ti! ti! Mwizi akaongeza mwendo, nyayo nazo, ti! ti! ti! Mwizi akasimama. Nyayo zikasimama. Mwizi akageuka, akaona...

Pimbi akaanza kukunja mkeka.

"Akaona nini?" Nyani akauliza.

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi, imekwisha."

Lo! Baraza haikukalika. "Siku saba nimeacha migomba yangu inaliwa," Nyani alifoka, "halafu unaniambia basi?" Mbuni alilia machozi. Punda akasema mwizi alikamatwa. Nyani akasema hakukamatwa, alikufa. Punda akampiga Nyani teke, Nyani akamng'ata Punda sikio.

Kanga akawatazama, moyo ukamwaka moto. Akarukia juu ya jiwe. "Hamna haya ninyi! Kapu langu lilipoibwa mlisema pole mkaendelea kula. Leo kapu la hadithi halijaonekana, mnatoana meno!"

Hakuna aliyemsikiliza. Pimbi akainua mkono. "Wenzangu, desturi mnaijua. Msimulizi akiiacha hadithi njiani, anayeujua mwisho husimama akaumaliza. Nani anaujua?"

"Mimi!" akasema Punda. "Alikamatwa, kwa sababu kapu alilificha uvunguni mwa kitanda chake."

"Kumbe mwizi mwenyewe mjinga!" wanyama wakacheka. "Mjinga! Mjinga!"

Kiboko akavimba. Siku saba mwizi anasifiwa, leo anaitwa mjinga? Akasimama, ardhi ikatetemeka.

"Nyamazeni! Mnaharibu hadithi nzuri! Uvunguni mwa kitanda? Thubutu! Alilifukia hapa, chini ya kigoda hiki! Mwenye kapu akawa anakuja kila siku kushitaki, amesimama hatua moja tu kutoka kwenye kapu lake, na mwizi anamwambia tutachunguza! Huyo ndiye mjinga?"

Macho yote yakageukia kigoda.

"Ahsante, mzee," akasema Pimbi. "Umeimaliza vizuri."

Kanga hakungoja. Akaingia chini ya kigoda, akaparura, paru! paru! paru! Kapu likatoka, limeliwa nusu.

"Hadithi tu hiyo, jamani!" Kiboko akababaika. "Hadithi!"

"Mtama wangu si hadithi," akasema Kanga, akamdonoa puani, ta! Hapo ndipo wengine walipopata ujasiri. Wakamkimbiza Kiboko hadi mtoni, chubwi! Yuko huko mpaka leo, ametoa macho na masikio tu.

Kanga akapanda mtama wake siku ileile, mvua ikamkuta akifukia shimo la mwisho. Na wale wengine? Mnadhani walikwenda kumwomba radhi? Wapi! Walipanda majabalini kwa Pimbi, kundi zima, wamenuna. "Haya, sasa tuambie," wakasema. "Mwizi aligeuka, akaona nini?"

Yangu imefika ukingoni. Ikiwakolea, chukueni, isipowakolea, nirudishieni nikalie ugali. Na funzo lake ni hili, mlishike: hadithi isiyo na mwisho haijamfaa mtu hata siku moja, na anayeisimulia achapwe. Kama mnabisha, kamuulizeni Bi Kanga. Mtamkuta shambani, anavuna.