Pipa la Vumbi la Dhahabu

Kina mama, hebu tazameni pete zenu. Na nyie kina baba msijifanye hayawahusu, mliovaa mzitazame. Zinang'aa, sivyo? Haya. Pete haizaliwi inang'aa. Ikitoka mikononi mwa sonara ina rangi ya sufuria iliyoungua, imekwaruzika, huwezi kumvalisha mtu ukataka akupende. Kuna mtu aliishika, akaiinamia kwenye mashine yenye brashi inayozunguka, akaisugua mpaka ukauona uso wako ndani yake. Leo nataka tumtazame mtu huyo. Fundi wa mitambo, niongezee sauti kidogo, huko nyuma kuna kikohozi, wengine hawanipati vizuri. Asante.

Palikuwa na mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya kubuni na kutengeneza vito. Nasema kampuni kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Ukiingia ndani unakuta duka mbele, karakana katikati, na chumba kidogo nyuma. Mama huyu alikuwa na kipaji. Akiona ganda la njugu anaona hereni, akiona mtoto kasukwa nywele anaona mkufu, na jioni ameshauchora. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Bibi harusi akija kuchukua pete, analia yeye kwanza. Kanisani aliimba kwaya, na kwenye misiba ndiye anayeonekana jikoni kanga imefungwa kiunoni, anakata vitunguu. Naomba mnielewe: siwasimulii habari za mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kazi yangu leo ingekuwa nyepesi, nanyi mngerudi nyumbani mmestarehe.

Alikuwa na wenzake wawili. Wa kwanza ni dada wa kupachika mawe kwenye pete, mikono imetulia ajabu lakini mdomo haupumziki. Yeye ndiye aliyejua nani kachumbiwa na nani karudisha posa. Wa pili ni yule wa chumba cha nyuma, mng'arishaji, baba wa makamo, mkimya, waliyezoea kumwita Fundi Kioo. Asubuhi anasalimia, anaingia chumbani mwake, anawasha mashine. Jioni anazima, anaaga. Vitu vyake vikitoka mle ndani vinatia kiwi. Wateja wakisifu, wanamsifu mama, naye mama anasema asante.

Sasa, dhahabu ina tabia yake. Ukiikata inaacha unga, ukiisugua inaacha vumbi, na vumbi hilo si kama la sebuleni kwako. Masonara wote wanalichunga. Katika karakana ile, mtu akitoka anakung'uta aproni juu ya sinia. Ananawa kwenye beseni ambalo maji yake hayamwagwi. Anapiga brashi nyayo za viatu pale mlangoni. Msasa uliokwisha, pamba, brashi zilizochakaa, vitambaa vya kufutia, hakuna kinachotoka nje. Vyote vinaingia kwenye pipa moja lenye kifuniko. Mwisho wa mwaka pipa linachomwa, majivu yanayeyushwa, na pale chini, mbele ya macho yao, inabaki dhahabu. Si uchoyo jamani, ndiyo kazi yenyewe. "Hapa hakipotei kitu," mama alipenda kusema, tena kwa sauti tamu, kama mtu anayekukaribisha chai.

Mwaka ule pipa likajaa mapema. Mama akalitikisa, akalisikia zito, akafurahi. Alijiambia, Fundi Kioo mwaka huu anachapa kazi kweli, ona vitambaa alivyotumia. Ikafika Jumapili ya shukrani, akasimama mbele ya kanisa na bahasha yake, akasema, "Mungu ameniongezea hata kwenye vumbi!" Vigelegele vikapigwa. Mchungaji wake akasema amina. Nyie mngesema nini? Mngesema amina.

Baada ya wiki chache, mama akaona kampuni yake ijulikane mtandaoni. Akamwita binti mmoja mpiga picha, mwandishi pia, atengeneze ukurasa wenye picha za bidhaa na picha za watu wanaozitengeneza. Kichwa cha maneno alikuwa nacho tayari: Sisi ni Familia. Binti akampiga picha mama akiwa na penseli. Akampiga dada wa mawe, ambaye alikuja amepaka wanja wa kutosha harusi mbili. Kisha akauliza, "Na huyu wa nyuma, mama, niandike nini juu yake?"

"Andika ni fundi hodari sana."

"Ana familia?"

"Anayo," mama akasema. Akafikiri kidogo. "Nadhani watoto wameshakuwa wakubwa."

"Anakaa wapi?"

"Huko juu huko, anapanda magari ya upande ule."

"Ni mtu wa namna gani?"

Hapo mama akachangamka, maana jibu alikuwa nalo. "Mpole! Hajawahi kunisumbua hata siku moja."

Binti akaandika hivyo hivyo. Akaenda kumwita Fundi Kioo asimame dirishani penye mwanga. Fundi Kioo akatoka, amefunga kishikizo cha shati mpaka shingoni kwa heshima ya picha. Mama akamtazama kupitia ile kamera, kwenye kioo chake kidogo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba shati limekuwa kubwa. Au yeye ndiye amekuwa mdogo? Hakupata nafasi ya kumaliza wazo lile.

"Tabasamu, baba," binti akasema.

Fundi Kioo akajaribu kutabasamu, kikohozi kikamshika. Kikamkunja. Akachomoa mfukoni kitambaa cheupe, kimoja cha vile vya kufutia pete, akaziba mdomo, akakohoa mpaka akashika ukuta. Kilipopoa, akakikunja kile kitambaa haraka kiganjani, akaelekea mlango wa nje penye bomba ili asukutue.

Na mama, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaona kitambaa kinatoka nje. Mdomo wake ukasema kile ulichokuwa umezoea kusema miaka yote, kwa ile sauti tamu:

"Baba, kitambaa hicho usitoke nacho. Kitie kwenye pipa."

Koleo la dada wa mawe likaanguka sakafuni. "Mama! Ni damu ile!"

Ndugu zangu, mmewahi kusikia sauti yenu wenyewe mkaiogopa? Mama aliisikia yake. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka kuelekea kwenye pipa. Damu ameiona. Si kwamba hakuiona! Aliiona damu, akaona na kitambaa, na katika vile viwili moyo wake ukachagua kitambaa. Alitamani sakafu ipasuke immeze, na nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe ningetamani.

Lakini hilo halikuwa kubwa. Subirini. Fundi Kioo alisimama pale mlangoni, akamgeukia bosi wake, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Hapakuwa na mshangao hata kidogo. Palikuwa na hofu ya mtu anayedhani ameshukiwa wizi.

"Sikuwa natoka nacho, mama. Nilikuwa naenda kusukutua tu," akasema. "Na vile vingine vyote vimo mle. Sijawahi kutoka na hata kimoja. Unaweza kuangalia."

Vile vingine.

Mama akaenda kwenye pipa. Akafunua kifuniko, akaingiza mkono, akatoa kitambaa kilichokauka kama ganda. Akatoa kingine. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila alichokamata kilikuwa na doa, vya juu vyekundu, vya chini kahawia, na juu ya madoa vumbi la dhahabu linametameta. Ndicho kilicholijaza pipa mapema. Ndicho alichokishukuru kwa bahasha, kanisa likapiga vigelegele. Mama akaketi sakafuni na vile vitambaa mapajani, akilia, na safari hii hakuna aliyemwambia ana moyo laini.

"Baba, mbona hukuniambia?"

Fundi Kioo akainama kidogo. Hakutaka kumwaibisha mbele ya mgeni. Lakini ameulizwa.

"Nilikwambia, mama. Kabla ya Pasaka. Nilikuja nikakwambia kifua kinanisumbua." Akakikunja tena kile kitambaa. "Ukaniambia nifunge mlango, wateja wanasikia."

Ni kweli. Mama akaikumbuka siku ile, akakumbuka na mteja aliyekuwepo, na hereni alizonunua. Hereni alizikumbuka mpaka muundo wake.

Walimkimbiza hospitali. Mtaniuliza kama alipona. Alipona, ndiyo, baada ya matibabu marefu, lakini pafu moja halikurudi, na ile mashine hakuigusa tena. Mama alikuwa akienda kumjulia hali, akafahamu anakokaa, akawafahamu na wale watoto aliodhani ni wakubwa. Hawakuwa wakubwa. Pipa la mwaka ule hakulichoma kamwe.

Haya, sasa sisi. Maana najua mnamsikitikia yule mama, na wengine mmeshamhukumu. Sisi ambao hapa kwetu hakipotei kitu! Kiti kikipungua kanisani tunakitafuta. Kipaza sauti kikikwama tunaita fundi siku hiyo hiyo. Mwimbaji wetu akikosa Jumapili moja tunauliza nani ataanzisha wimbo. Tunauliza wimbo, ndugu zangu! Wewe mama, yule binti anayekupikia, unajua chumvi yake ilivyo; je, unajua usiku anaota nini? Wewe baba, mlinzi wako hajawahi kukusumbua. Umejivunia hilo. Umewahi kujiuliza ni nani aliyemfundisha asikusumbue? Watu wanakohoa mbele yetu, nasi tunapokea kazi yao, tunapokea na utii wao, kisha tunawaambia wafunge mlango. Wakishazoea, wanatuletea damu yao wenyewe kwa unyenyekevu, waiweke pale tunapopataka. Na sisi tunasimama mbele za Mungu kumshukuru kwa kuwa pipa limejaa.

Mungu hafurahii pipa. Mungu anamuuliza Kaini, ndugu yako yuko wapi? Hakumuuliza mavuno yamekuwaje.

Nataka kumaliza, lakini kuna jambo. Tangu nilipoanza kusema, kuna mtu anakohoa kule nyuma. Mmemsikia. Nami nimemsikia. Ni nani aliyegeuka? Ni nani aliyempa hata maji? Na mimi mchungaji wenu, niliyekuja kuwafundisha habari za pipa, nilifanya nini? Niliomba niongezewe sauti.

Aliye karibu naye, amshike mkono. Amuulize kimemuanza lini. Sisi wengine tutasubiri mpaka amalize kujibu.

Fundi wa mitambo, zima sauti.