Ua wa Minyaa wa Mzee Semkiwa

Sikudhani alikuwa mwembamba hata upepo ulimwonea huruma, na wanawe walikuwa na wiki nzima wakila ugali kwa chumvi. Basi akaenda kwa Mzee Semkiwa kuomba kutega nyavu kwenye ua wake wa minyaa, ambamo sungura walijificha wakishashiba kunde zake. Kijiji kizima kilimjua Sikudhani kwa nguchiro wake wa kufugwa, aliyezoea kuingia ndani ya ua na kuwafukuzia sungura wavuni.

“Tega,” alisema mzee. “Lakini atakayenasa upande wa shamba ni wangu. Wako ni wa upande wa barabarani.”

Kila mtu alijua kwamba sungura wale hutokea upande wa shamba.

“Sawa, baba. Ila mimi mwenyewe sijiamini. Mkono wangu ukiona nyama, husahau ni ya nani. Na akili nilizokuwa nazo niliziacha leba nilipojifungua. Nani atakulindia wavu wako?”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Nitalinda mwenyewe!”

Akashika bakora, akasimama upande wake. Kila jani lilipotikisika, aliuchokoa ua akipiga kelele, “Huyo! Huyo!” Sungura wakachomoka upande wa barabarani, wakajaa kwenye wavu wa Sikudhani. Wavu wa mzee haukunasa kitu.

“Nguchiro wako ana upendeleo!” alifoka. “Anawafukuzia kwako tu. Hebu mlete nimwone!”

Sikudhani alimwona anavyohema, akamwekea sungura mnono mkononi.

“Nguchiro alitoroka juzi, baba. Hata mnyama amenichoka. Leo kazi yake umeifanya wewe.”