Pumzi ya Chande

Hapo zamani, na msinitolee macho, siyo zamani za sungura kuvaa koti, zamani za juzijuzi tu, kijiji cha Kwangwena kilikuwa na mpiga zumari mmoja, Chande. Nyie mliosoma mpaka mkavaa miwani, kaeni vizuri. Mimi shule niliikimbia darasa la tano, lakini jambo hili nitawatoa nalo jasho.

Kwangwena bibi harusi havuki kizingiti ila zumari linalia, na halikatiki mpaka aketi. Chande alikuwa na pumzi ya kumfikisha bibi harusi hata akienda kwa kutambaa. Lakini kuvuta sasa! Paketi mbili kwa siku, anafuka kama tanuri la chokaa. Siku moja bibi harusi kanyanyua mguu, Chande kashikwa na kikohozi, zumari kimya. Binti akarudisha mguu. "Sivuki!" Akarudi kwao, pilau ikapoa.

Chande kwa aibu akaapa mbele za watu: "Atakayenitoa sigara mdomoni, nitampigia harusi ya kwake, siku atakayoitaja."

Wa kwanza Mnyeto, mchora mabango. Zahanati ilimwagiza achore kwenye ukuta wa soko mvutaji mwenye mapafu meusi. Mnyeto sura ya kubuni hajui, akachora anayoijua: Chande mwenyewe, pua ileile, kofia ileile, mapafu kama masizi ya sufuria. Watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Bango!" Chande akapunguza, paketi moja, tena anavutia chooni.

Wa pili Kombo, sahibu yake, ndiye aliyemfundisha kuvuta wakiwa vijana. Kombo mwenyewe alishaambiwa na daktari kwamba mapafu yake hayana dawa. Akaomba kipaza sauti cha zahanati, akazunguka kijiji: "Nitazameni! Hatua kumi, napumzika mara mbili. Chande, ya kwanza nilikupa mimi. Nakuomba, iache!" Chande alilia. Akabakiza moja tu, ya baada ya chakula cha jioni.

Wa tatu mkewe, Mwanasha. Hakuchora, hakutangaza. Ile moja akaitoa tumbaku, akachanganya pilipili kichaa ya kusaga, akairudisha. Chande alivuta mara moja tu, akakimbilia uani na kutumbukiza kichwa kwenye mtungi. Toka hapo hajagusa tena.

Miezi ikapita, pumzi ikarudi. Akapiga zumari toka kisimani mpaka sokoni bila kukata. Ndipo watatu wakaja kudai, na wote wakataja siku moja: Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Baada ya hapo Ramadhani, ngoma zinatundikwa. Na Kwangwena maharusi wote huingia ndani alasiri, kwa hiyo msijifanye wajanja wa kumgawa mtu.

"Kaka Chande, ni mimi," akasema Mnyeto. "Naoa. Bila bango langu ungestuka lini?"

"Ulinichora bila ruhusa!"

"Ningekuomba ungekubali?"

Mwanasha akacheka. "Baba Rehani, hawa walikupunguzia, mimi nilikumalizia. Mdogo wangu anaolewa."

"Shemeji, wewe ulitaka kumuua!" Mnyeto akadakia.

"Kafa nani? Huyo si anafoka hapo?"

Kombo alikuwa bado anatafuta pumzi. "Binti yangu ni mmoja," akasema. Akapumzika. "Hawa, Ramadhani ikiisha, watafanya harusi zao. Mimi sijui kama nitaiona."

"Lakini Kombo, si wewe uliyenitia humo?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nilitembea."

Chande akalishika zumari, akawatazama mmoja mmoja. Haya, msiangalie chini, nawauliza nyie. Zumari moja, Ijumaa moja, na nyumba mbili zitakazobaki bibi harusi kasimama mlangoni. Je, nani alistahili pumzi ya Chande?