Isale Lenye Udongo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Shamba na wenyewe!
Wenyewe wako wapi?
Barazani, wanateta!

Hapo kale, kwenye milima ya Upare, palikuwa na Senkondo na dada yake Nakijwa. Mama yao alikufa akaacha nyumba na shamba la migomba. Nakijwa aliolewa mbali, mume akafariki, akatamani kwao. Alitamani jiko la mama. Alitamani ile migomba. Zaidi ya yote alitamani kuwa na kaka yake, wale pamoja kama utotoni.

Aliporudi, kaka akasema, "Shamba langu."
Dada akasema, "Letu."

Wakaenda barazani. Wazee wakapanda isale katikati ya shamba, wakatamka, "Mpaka tuamue, lisiuzwe, lisigawanywe, lisiguswe." Isale ni mmea mdogo tu, wenzangu, lakini ukishapandwa hivyo, kila mtu anapita kando.

Senkondo je? Akaling'oa! Akalificha darini, akaleta mnunuzi, Kilonzo, mgeni wa bondeni.

"Lina kesi?"
"Halina."
"Lina mdai?"
"Halina."
"Lina isale?"
"Kwani unaliona?"

Kilonzo akatoa ng'ombe, akaingia na jembe. Nakijwa alipomkuta mgeni analima kwa mama yake, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Baraza likamwita Senkondo. Hofu ikamshika. Sasa, kwao, aliyekosa akikupa isale, humnyimi msamaha. Mbio mpaka darini! Akalichukua lile lile, akampa dada yake mbele ya watu.

Mizizi bado ina udongo wa shamba! Mnacheka? Hata wazee walicheka, kisha wakanuna.

Nakijwa akalipokea. "Nimekusamehe, kaka. Twende nyumbani."

"Ngoja, mwanangu," akasema mkuu wa baraza. "Wewe umesamehe lako. Neno alilolivunja ni letu."

Wakaamua. Mauzo ni bure, Kilonzo arudishiwe ng'ombe wake. Shamba ni la ndugu wote wawili, na hivyo ndivyo wangeamua tangu mwanzo. Ila Senkondo, kwa kulidharau baraza, ahame milima mpaka aitwe.

Nakijwa akapiga magoti. "Basi chukueni shamba, mnipe kaka yangu!"

Mkuu akainamisha kichwa. "Neno letu nalo, mwanangu, haliuzwi."

Senkondo akashuka bondeni. Nakijwa akaenda nyumbani peke yake.

Ngano imefika mlangoni, nami nakomea hapa. Atakayekutana na Senkondo njiani amwambie dada yake anamngoja.